Hifadhi ya klasta ni nzito, na baadhi ya faili zinagoma kufunguka: nianzie wapi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina seva mbili za Linux, hifadhi1 na hifadhi2, zenye GlusterFS (programu inayounganisha diski za seva kadhaa kuwa hifadhi moja) ya nakala mbili, na volyumu moja, yaani hifadhi hiyo ya pamoja, niliyoiita picha. Seva tatu za programu ya wavuti zinaipachika volyumu hiyo na kuweka humo picha na nyaraka ambazo watumiaji wanapakia. Faili zimefika kama milioni mbili, nyingi zikiwa chini ya kilobaiti 100, na karibu zote ziko kwenye saraka moja. Kuorodhesha saraka hiyo kunachukua dakika kadhaa, na kupakia picha kunasuasua. Nilipopima kwa dd, amri ya kunakili data mfululizo, nilipata kasi nzuri tu. Nimeongeza mipangilio kama ishirini niliyoikuta mtandaoni, ikiwemo kushusha network.ping-timeout hadi sekunde 3, lakini hali ni ileile. Wiki iliyopita swichi ilizima ikawaka, na tangu hapo baadhi ya faili zikifunguliwa zinatoa "Input/output error". Nibadilishe mipangilio ipi?

JIBU: Ndugu yangu, tuiache kasi kidogo, tuanze na hizo faili zinazogoma. Uzito wa hifadhi unaweza kuvumiliwa kwa siku mbili tatu, lakini faili ya mtu ikifutwa kwa pupa ndiyo imekwenda.

Kilichotokea ni hiki. Katika GlusterFS, anayetengeneza nakala ni mteja, yaani seva yako ya wavuti. Yeye ndiye anayetuma kila andiko kwa seva zote mbili za hifadhi kwa wakati mmoja. Swichi ilipoyumba, mteja mmoja aliiona hifadhi1 peke yake, mwingine akaiona hifadhi2 peke yake, na kila mmoja akaandika kule alikofika. Kila seva ikajiwekea alama kwamba mwenzake amepitwa na mabadiliko. Mawasiliano yaliporudi, seva zikakutana zikishutumiana: hii inasema nakala ya ile imechakaa, na ile inasema hivyohivyo kuhusu hii. GlusterFS haiwezi kujua ni ipi yenye haki, kwa hiyo inaifunga faili na kukurudishia kosa. Kwenye amri utaiona hali hii kwa jina la split-brain. Hapa nitaiita mpasuko.

Na zile sekunde 3 zilichangia. Kwa chaguo-msingi, mteja husubiri sekunde 42 kabla ya kuamua kwamba seva imepotea. Ukimpa sekunde 3, hata diski ikikwama kidogo kwa sababu ya kazi nyingi, mteja anaikata seva iliyo hai na kuendelea na ile nyingine. Kila mkato wa namna hiyo unazaa faili za kuponywa, yaani za kusawazishwa upya kati ya seva, na kwenye mfumo wa nakala mbili unafungua mlango wa mpasuko. Irudishe 42 leo hii, kabla hujasoma mbele.

Kisha orodhesha faili zenye mgogoro:

    gluster volume heal picha info split-brain

Usiamue chochote kabla hujachukua nakala ya pande zote mbili na kuziweka pembeni, nje ya volyumu. Kusoma moja kwa moja kutoka kwenye tofali, yaani ile saraka ya diski ambayo GlusterFS inaitumia chini kwa chini, hakuna ubaya. Kuandika humo ndiko kusikoruhusiwa kabisa. Niliwahi kuitwa mahali ambapo kazi ya usiku ya rsync, programu ya kunakili faili, ilikuwa inamwaga faili ndani ya tofali la seva moja badala ya kupitia volyumu iliyopachikwa. Faili zile hazikuwa na kitambulisho ambacho GlusterFS huviandikia vitu vyake kwenye sifa za ziada za faili, hivyo hazikunakiliwa upande wa pili, na ilituchukua siku kadhaa kutenganisha zilizo halali na zisizo halali.

Baada ya kuzilinda nakala, amua faili kwa faili. Kwa picha, ambayo huandikwa mara moja na haiguswi tena, mara nyingi nakala kubwa ndiyo iliyo kamili, kwa sababu ile ndogo ilikatika ikiwa njiani. Kwa waraka unaohaririwa, tazama iliyoandikwa mwisho:

    gluster volume heal picha split-brain bigger-file /2023/a.jpg
    gluster volume heal picha split-brain latest-mtime /nyaraka/b.pdf

Njia unayoandika hapo huanzia kwenye mzizi wa volyumu, si kwenye mzizi wa seva. Fungua na utazame faili kadhaa kwa macho yako kabla ya kuandika skripti ya kuzimaliza zote.

Sasa, chanzo chenyewe. Wawili hawawezi kupiga kura wakapata wengi. Mkutano wa watu wawili, mmoja akitoka, aliyebaki hajui kama mwenzake ameondoka au kama ni yeye aliyefungiwa nje. Akidi inahitaji sauti ya tatu, na ndiyo maana hata amri ya kuunda volyumu ya nakala mbili inakuonya kabla ya kukubali. Si lazima ununue seva ya tatu yenye diski kubwa kama hizo mbili. GlusterFS ina tofali la mwamuzi: linatunza majina ya faili na sifa zake tu, bila yaliyomo. Hesabu kilobaiti 4 kwa kila faili. Faili zako milioni mbili zitahitaji takriban gigabaiti 8, na ukiacha nafasi ya kukua, gigabaiti 40 zinakutosha kwa muda mrefu.

    gluster peer probe hifadhi3
    gluster volume add-brick picha replica 3 arbiter 1 hifadhi3:/matofali/picha/tofali

Fanya hivyo baada ya orodha ya uponyaji (gluster volume heal picha info) kuwa tupu, tena saa ambayo watumiaji ni wachache, kwa sababu mwamuzi ataanza kujaziwa majina yote milioni mbili. Kuanzia hapo akidi inafanya kazi yenyewe: mteja anayefikia seva moja tu kati ya tatu haruhusiwi kuandika. Hata akifikia mbili, yaani nakala moja ya data na mwamuzi, kama mwamuzi anajua kwamba nakala hiyo imepitwa, andiko linakataliwa. Programu yako itapata kosa wakati huo, ni kweli. Lakini kosa linaloonekana saa ileile ni jema kuliko faili mbili zinazodai kuwa moja, ambazo utazigundua wiki ijayo.

Mambo mawili watu huyasahau kuhusu mwamuzi. La kwanza, asiwe mashine pepe inayokaa ndani ya hifadhi1 au hifadhi2, maana seva hiyo ikizima inaondoka na kura mbili. La pili, diski yake ni ndogo lakini isiwe ya polepole: kila faili mpya inamsubiri yeye pia. Mpe SSD. Na kwa kuwa tofali lake limejaa faili zisizo na kitu ndani, XFS, mfumo wa faili wa diski yenyewe, inaweza kuishiwa inodi (rekodi ndogo ambayo kila faili huhitaji moja) wakati nafasi ya diski bado ipo, kwani kwenye diski iliyo chini ya terabaiti moja inodi huruhusiwa asilimia 25 tu ya nafasi. Wakati wa kuiandaa ongeza kiwango hicho:

    mkfs.xfs -i size=512,maxpct=75 /dev/sdb1

Hapo data iko salama. Tuje kwenye kasi.

dd haikukudanganya, ilijibu swali ambalo hukuliuliza. Ulimimina faili moja kubwa mfululizo, na kama hukuweka conv=fdatasync, sehemu kubwa ya ulichopima ilikuwa kumbukumbu ya RAM. Kazi yako halisi ni faili ndogo nyingi, na kinachozitesa hizo ni safari za kwenda na kurudi. Ili faili moja ndogo izaliwe, mteja anauliza kama jina lipo, anafunga kufuli, anaweka alama ya kwamba mabadiliko yanaanza, anaandika, anafuta alama, anafungua kufuli, kisha anafunga faili. Chukulia ni safari kumi, na kila safari kwenye mtandao wa ndani ni milisekunde 0.2. Hizo ni milisekunde 2 kwa faili kabla diski haijafanya lolote. Faili laki moja zinakula sekunde 200 kwa safari peke yake. Ukiweka kadi ya mtandao yenye upana mara kumi, zile 0.2 hazigawanyiki kwa kumi. Zitapungua kidogo tu. Upana wa barabara haufupishi umbali.

Upana una maana kwa faili kubwa, na hapo kuna hesabu nyingine ya kujua. Mtandao wa gigabiti 1 unabeba megabaiti zipatazo 117 kwa sekunde. Mteja wako anatuma kila kitu mara mbili, kwa hiyo anabaki na megabaiti 58 hivi za kuandikia. Kwa nakala tatu kamili angebaki na 39. Ndiyo maana mwamuzi, asiyepokea yaliyomo, anakupa usalama wa kura tatu bila kukutoza mkondo wa tatu.

Saraka yako moja yenye faili milioni mbili ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote. Hakuna mpangilio utakaoifanya iwe nyepesi. Amri ya ls kwenye usambazaji mwingi wa Linux imeunganishwa na rangi, na ili kujua rangi inauliza hali ya kila faili: hayo ni maswali milioni mbili, kila moja likipita kwenye mtandao. Ukitaka majina tu, tumia ls -U --color=never, ambayo haipangi wala haipaki rangi, uone tofauti. Dawa ya kudumu iko kwenye programu: gawa faili kwa herufi za mwanzo za heshi ya jina (msimbo wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye jina), ngazi mbili za herufi mbilimbili, mfano /3f/a2/. Ngazi mbili za saraka 256 zinakupa saraka 65,536, na faili milioni mbili zinakuwa kama 30 kwa kila saraka. Faili mpya zianze na mpangilio huo mara moja. Za zamani zihamishe polepole usiku, programu ikitafuta kwanza mahali papya halafu pa zamani. Ni kazi ya siku chache kwa mwandika programu wako, na faida yake itazidi yote nitakayosema hapa chini.

Angalia pia kama msimbo wa programu yenyewe uko kwenye volyumu hiyo. Wengi hufanya hivyo ili seva zote za wavuti ziwe na msimbo mmoja, na wanaishia kuulizia mamia ya faili za msimbo mtandaoni kwa kila ukurasa mmoja. Msimbo ukae kwenye diski ya kila seva ya wavuti, usambazwe wakati wa kutoa toleo jipya. Vikao vya watumiaji viende kwenye Redis (hifadhi ya data inayokaa kwenye RAM) au hifadhidata. Kwenye volyumu ya pamoja zibaki zile faili ambazo lazima ziwe za pamoja.

Ile mipangilio ishirini, iondoe. Kwanza itazame kwa gluster volume info, sehemu ya mwisho ya matokeo, na uinakili pembeni, kwa sababu huenda miongoni mwake kuna ya usalama kama auth.allow ambayo utataka kuirudisha. Kisha:

    gluster volume reset picha

Baada ya hapo pima kabla ya kuongeza chochote. GlusterFS ina kipimo chake cha ndani ambacho naona kinatumiwa na wachache mno:

    gluster volume profile picha start
    gluster volume profile picha info

Kiache kwa dakika kumi za kazi ya kawaida, usome, halafu ukizime kwa stop. Kitakuonyesha kila aina ya ombi, limeitwa mara ngapi na limekula asilimia ngapi ya muda. LOOKUP ikiongoza, tatizo ni maswali ya majina na hali za faili, na kache itasaidia. FSYNC, yaani ombi la kuhakikisha data imefika diskini, ikiongoza, nenda kwenye diski; kache ya mteja haitakufaa kitu. WRITE ikiongoza kwa maandiko makubwa, hapo ndipo uangalie mtandao. Kwa maelezo yako natarajia LOOKUP, na kwa hiyo naanza na hii:

    gluster volume set picha group metadata-cache

Ni kundi la mipangilio lililopangwa pamoja na wenye mradi. Kwa kawaida mteja huamini alichokumbuka kuhusu hali ya faili kwa sekunde moja tu. Kundi hili linamruhusu aamini kwa sekunde 600, huku seva ikiahidi kumtaarifu faili ikibadilishwa na mwingine. Ukiongeza muda huo peke yake bila taarifa za seva, kama orodha nyingi za mitandaoni zinavyoelekeza, utapata seva mbili za wavuti zinazoona mambo tofauti. Kama programu yako ina tabia ya kutafuta faili ambazo hazipo, kwa mfano kuulizia kijipicha kabla ya kukitengeneza, ongeza na group nl-cache, inayokumbuka majina yasiyokuwepo. Basi. Idadi ya nyuzi, client.event-threads na server.event-threads, ni 2 kwa chaguo-msingi. Ipandishe hadi 4 kama tu top -H inaonyesha uzi mmoja umejaza kiini chake cha prosesa.

Upimaji wa kasi ufanye kwa faili zako. Funga faili elfu kumi halisi kwenye kifurushi cha tar, ukifungue ndani ya volyumu, hesabu muda, badilisha kitu kimoja, rudia. Usibadilishe viwili kwa pamoja.

Upande wa diski nina machache. XFS yenye inodi za baiti 512, ili zile sifa za ziada zikae ndani ya inodi yenyewe (matoleo mapya ya mkfs.xfs tayari yanafanya hivyo bila kuambiwa). Pachika kwa noatime, ili diski isiandike muda kila faili inaposomwa. Tofali liwe saraka ndogo ndani ya mahali diski ilipopachikwa, kama /matofali/picha/tofali, ili diski isipopachikwa baada ya kuwasha seva, saraka isiwepo na tofali ligome kuanza, badala ya kujaza diski ya mfumo. Na kwenye seva yenye RAM nyingi, usiiachie kerneli ikusanye maandiko kwa asilimia: vm.dirty_ratio ya 20 kwenye RAM ya gigabaiti 64 ni zaidi ya gigabaiti 10 zinazosubiri kumwagwa diskini, na zikianza kumwagwa kila kitu kinasimama. Weka kwa baiti:

    vm.dirty_background_bytes = 268435456
    vm.dirty_bytes = 1073741824

Kuhusu fremu kubwa za mtandao za baiti 9000: zinafaa kwa faili kubwa, kwako hazitaonekana. Ukizitaka hata hivyo, hakikisha kila poti ya swichi inazikubali kwa ping -M do -s 8972 hifadhi2. Poti moja ikikosa, pakiti ndogo zitapita na kubwa zitapotea, nawe utaona klasta iliyo hai ambayo kila kitu ndani yake kinaning'inia.

Kwenye seva za wavuti, mstari wa fstab, faili inayoorodhesha vya kupachikwa seva ikiwaka, uwe hivi:

    hifadhi1:/picha /srv/picha glusterfs defaults,_netdev,backup-volfile-servers=hifadhi2:hifadhi3 0 0

Jina la hifadhi1 hapo linatumika kuchukua ramani ya volyumu tu. Baada ya hapo mteja anazungumza na seva zote tatu mwenyewe. Kwa hiyo ngome ya mtandao iwaruhusu wateja kufika poti 24007 na zile zinazoanzia 49152 kwenye kila seva, mwamuzi akiwemo. Programu iliyo kwenye mteja asiyemfikia mwamuzi haioni kosa siku za kawaida, ila siku hifadhi1 ikizima ndipo atakapokosa akidi.

Najua utarudi kuniuliza kuhusu sekunde 42, kwamba ni nyingi mno kwa tovuti. Zinakuumiza pale tu seva inapotoweka bila kuaga: umeme umekatika au kebo imechomoka. Ukizima kwa utaratibu, muunganisho unafungwa na mteja anaendelea bila kusubiri. Shida ni kwamba systemctl stop glusterd haizimi michakato ya matofali, hivyo wakati wa kuwasha upya mtandao unaweza kufa kabla yao. Kabla ya kila matengenezo endesha /usr/share/glusterfs/scripts/stop-all-gluster-processes.sh, ndipo uiwashe upya seva.

Swali ambalo hukuuliza ila nitalijibu: je, GlusterFS ndiyo chaguo sahihi? Red Hat, iliyoinunua kampuni ya Gluster mwaka 2011, ilimaliza msaada wa bidhaa yake ya Red Hat Gluster Storage mwisho wa 2024. Mradi wa jumuiya ni kitu kingine na programu haijaacha kufanya kazi, lakini ningekuwa naanza leo na faili ndogo, seva mbili na mwamuzi, ningefikiria sana NFS ya kawaida (njia ya kushiriki faili mtandaoni) juu ya DRBD, inayonakili diski nzima kwenda seva ya pili, ikisimamiwa na Pacemaker, inayoamua seva ipi ihudumu. Hapo seva moja inahudumu na nyingine inangoja, nakala inafanyika chini ya mfumo wa faili, na mteja wa NFS wa kerneli ana kache nzuri. Inadai uzio wa kweli, yaani uwezo wa kuizima kwa nguvu seva iliyopotea. Bila huo usiiguse. CephFS, mfumo mwingine wa hifadhi ya klasta, inakua vizuri zaidi ukiwa na seva nyingi, lakini inataka kumbukumbu ya kutosha, gigabaiti 4 kwa kila diski kwa chaguo-msingi, pamoja na seva za metadata, yaani za majina na sifa za faili, na safari za mtandao hazikwepeki huko pia. Kwa sasa usihame. Mfumo wenye mpasuko hauhamishwi, unaponywa kwanza.

Ukishamaliza yote, usingoje swichi izime tena ndipo ujue. Chagua usiku mmoja, anzisha kazi inayoandika faili mfululizo kutoka seva mbili za wavuti, kisha chomoa kebo ya hifadhi1. Maandishi yatasimama hadi sekunde 42 na kuendelea. Irudishe, na ufuatilie kwa gluster volume heal picha info summary hadi hesabu zote ziwe sifuri. Zikishakuwa sifuri, na si kabla ya hapo, chomoa ya hifadhi2. Mwisho ya mwamuzi.